Sisi si Mfano wa Wiki ya Tatu

Nina ugomvi na kozi ya utangulizi wa anthropolojia ya utamaduni, ile inayofundishwa mtandaoni, na intaneti haina kosa. Intaneti ikikatika utangoja, itarudi. Kosa ni la kozi yenyewe: inamchukua kijana wa Nairobi, inamtoza karo, kisha inamfundisha kujitazama kwa macho ya mgeni.

Nimeisoma muhula mzima, usiku, kwa simu, baada ya kazi. Mpangilio wake ukiuona mara moja utaujua popote. Wiki ya kwanza, utamaduni ni nini. Wiki ya pili, mbinu za utafiti. Wiki ya tatu, Wanuer na ng'ombe wao. Halafu ukoo, ndoa, uchawi. Kila wiki kuna video, sura ya kitabu, maswali 10 ya kuchagua jibu, na ule mjadala ambao sharti uandike maneno 150 na kuwajibu wenzako wawili. Wenzako wanaandika "nakubaliana nawe kabisa." Nawe unakubaliana nao. Alama zinaingia, maisha yanaendelea.

Kuna makala moja ambayo kozi hizi zinaipenda sana. Mwaka 1956, Mmarekani Horace Miner aliandika kuhusu kabila liitwalo Nacirema. Kila nyumba yao ina madhabahu, na ukutani pana kisanduku cha dawa na hirizi. Kila siku wanatia kinywani kitita cha nywele za nguruwe. Sasa soma jina hilo kutoka nyuma. Madhabahu ni bafu, nywele za nguruwe ni mswaki.

Utani mzuri, sikatai. Mwanafunzi wa Ohio anacheka, kisha anashtuka: kumbe hata mimi naweza kuandikwa hivi! Lakini mimi wa Kayole nishtuke nini? Sisi tumeandikwa hivyo tangu enzi za babu zetu. Utani ule ulitungiwa mtu ambaye hajawahi kutazamwa. Kuuleta huku na maswali yaleyale chini yake ni kama kumweleza samaki kwamba maji yana unyevu.

Twende kwa Wanuer. E. E. Evans-Pritchard alifika kwao Sudan Kusini mwaka 1930, na kitabu chake kikatoka 1940. Swali la jaribio letu lilikuwa: uchumi wa Wanuer unategemea nini? Jibu ni ng'ombe. Alama moja. Hakuna aliyetuuliza nani alilipia safari ile, ingawa mwandishi mwenyewe anasema wazi kwamba serikali ya kikoloni ya Sudan ndiyo iliyoomba utafiti huo na kuugharamia kwa sehemu kubwa. Hakuna aliyetuambia kwamba miaka michache tu kabla ya kufika kwake, ndege za Waingereza zilikuwa zimewadondoshea watu hao mabomu. Mwandishi anasimulia pia jinsi askari wa serikali walivyoizingira kambi alimokuwa akikaa, alfajiri, wakisaka manabii na kuchukua mateka. Halafu anashangaa kwamba watu hawakutaka kujibu maswali yake. Si hata wewe ungenyamaza?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akawa sura ya kitabu.

Tena sura hiyo imeandikwa kwa wakati uliopo. Wanuer wanafanya hivi, Wanuer wanaamini vile. Kama kwamba tangu 1940 hawajapigana vita, hawajakimbia, hawajasoma. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 hapahapa Kenya, na Wanuer wako ndani yake. Wako Nairobi pia. Wanapanda matatu na sisi, na wengine wako vyuoni. Mmoja wao anaweza kuwa kwenye kozi hiyo, anachagua kati ya A, B, C na D kujua yeye ni nani. Na jina lenyewe si lao: wao hujiita Naath.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anthropolojia ina kitu kimoja cha maana sana, na ndicho kozi inachokitupa. Kitu hicho ni kukaa na watu. Bronisław Malinowski alikaa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza lugha, akaonyesha kwamba ukitaka kumwelewa mtu lazima uishi naye. Kozi inakusifia jambo hilo wiki ya pili, kisha inakufungia ndani ya skrini hadi mtihani. Tumebaki na orodha ya makabila.

Ilhali simu hiyohiyo ni uwanja wa utafiti! Fungua kundi lolote la WhatsApp la matanga. Mtu amefariki, kamati imeundwa, orodha ya michango inazunguka. Unainakili, unaongeza jina lako na kiasi, unaibandika tena. Mwekahazina anakumbusha kila jioni kwamba bado kuna upungufu. Nani alitangulia kutoa, na kwa nini akatoa nyingi hivyo? Nani ameandika "rafiki" badala ya jina? Nani hayumo, na yeye akifiwa watamfanyaje? Mfaransa Marcel Mauss alieleza mwaka 1925 kwamba zawadi huja na deni: kuna wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Shosho yako hakumsoma Mauss, lakini ana daftari la chama linalosema hayohayo, lenye majina na tarehe. Daftari hilo lisomwe darasani kando ya kitabu cha Mauss, kwa heshima ileile.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema hii ni kozi ya mwanzo, lazima tuwajue magwiji. Sawa, lakini Jomo Kenyatta alisoma chini ya Malinowski huyohuyo London, akaandika kuhusu Wagikuyu mwaka 1938. Kubaliana naye au mpinge, lakini yumo kwenye hadithi hii. Kwetu hakutajwa hata mara moja.

Wa pili atasema tuitupe taaluma nzima, ni mtoto wa ukoloni. Hapana. Okot p'Bitek aliisoma Oxford, akawasikia wahadhiri wakiwaita watu wake washenzi, akapinga. Hakukimbia. Alichukua zana zao akaenda kuzitumia kwa Waacholi na Walang'o, kisha akaandika kitabu kizima kuwajibu. Baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Sasa niambie kwa nini kijana wa Nairobi amalize kozi hii bila kulisikia jina hilo.

Hili ni suala la unga pia. Mji huu una vijana wanaolipwa kwa siku kuzunguka mitaa na dodoso kwenye tableti. Wao ndio wanaojua mlango upi ubishwe na mzee yupi aamkiwe kwanza. Ripoti ikitoka, mwandishi ni mwingine, na wao wako kwenye ukurasa wa shukrani, kama wapo. Kozi inayotufundisha kuwa mfano ndiyo inayotuandaa kwa kazi hiyo: kubeba maswali ya wengine.

Kwa hivyo ukijisajili muhula ujao, usingoje wiki ya tatu. Wiki ya kwanza, pale kwenye mjadala wa maneno 150, muulize mhadhiri wako: kazi ya kwenda kukaa na watu iko wiki gani? Akisema haipo, waambie wale wenzako wawili wakujibu kwa kuuliza swali hilohilo.