Futa masizi kabla ya kununua kipimajoto kipya

Ndugu mwandishi wa makala, umekimbilia mno kuagiza kifaa kipya. Nachoma mbuzi kwa jiko la peleti hapa Minnesota. Mwaka jana skrini ilikuwa inasoma nyuzi 225 za Fahrenheit huku nyama inakauka kama gome. Jiko lilipopoa nikachomoa umeme, nikaigusa ile fimbo nyembamba ya kipimajoto ndani ukutani: imevaa koti la masizi na mafuta yaliyoganda, linanata kama lami. Koti hilo huchelewesha joto kuifikia fimbo, jiko likadhani kuna baridi, likazidi kujilisha peleti. Nikaifuta kwa kitambaa chenye siki mpaka chuma kikang'aa.

Halafu pima kwa kipimajoto cha pili, kikae kwenye wavu pale nyama inapokaa. Achana na kile cha kwenye mfuniko, joto la juu na la chini ni vitu viwili. Hicho cha pili nacho kihakiki kwanza kwenye bilauri ya barafu na maji kidogo: lazima kisome 32. Subiri nusu saa ndipo uchukue wastani, kwa sababu majiko haya hupanda na kushuka muda wote. Na nyama iliyotoka kwenye friji usiibananishe na fimbo, ubaridi wake huidanganya vilevile.