Kampuni ikuje kwenye salongo, lakini barabara ibakie ya wote



Kuko swali linatufikia kila mara tunapoongea juu ya programu huria: kama ni ya bure, nani analipa? Na kama ni kampuni kubwa za Marekani njo zinalipa, uhuru uko wapi? Ni swali la maana, tunalijibu bila kuzunguka.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha, uko wazi. Kila mtu anaweza kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Helsinki. Leo sehemu kubwa ya msimbo mpya wa Linux inaandikwa na watu wanaolipwa mshahara na kampuni: Intel, Google, Red Hat, Huawei na zingine. Sokoni zinapigana, hapo zinalima shamba moja. Hazifanyi hivyo kwa huruma. Kila moja ikijenga ya kwake peke yake, itatumia pesa mingi zaidi.

Sisi hatuna shida na hilo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kampuni inayopita kwenye barabara yetu ikuje pia kwenye salongo. Shida inaanza siku inaposema kwamba, kwa sababu ilileta majembe mingi, barabara imekuwa yake.

Mambo hayo yalishatokea. OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu, ilikuwa chini ya kampuni ya Sun. Mwanzo wa 2010, Oracle ikainunua Sun. Septemba ya mwaka ule ule, wengi wa waliokuwa wanaijenga, wakiwa na wasiwasi juu ya bosi mpya, walichukua msimbo wakaendelea nao kwa jina la LibreOffice, chini ya shirika lao, Document Foundation. Oracle ikabakia na jina. Mwaka uliofuata ikaliachia hata hilo, ikalipa shirika la Apache. Leseni njo iliwalinda: jina lilikuwa la kampuni, kazi ilikuwa ya wote.

Kuko pia kampuni ambayo haifiki kwenye salongo hata siku moja. OpenSSL ni programu inayofunga siri zinapopita kwenye intaneti: neno la siri, barua, pesa za benki. Mwezi wa nne 2014 likaonekana tundu kubwa ndani yake, likaitwa Heartbleed. Hapo dunia ikajua kwamba waliokuwa wanaitunza ni watu wachache sana, na michango ya hiari waliyopata ilikuwa karibu dola 2,000 kwa mwaka. Kampuni za mabilioni zilikuwa zinaitegemea. Ni baada ya aibu hiyo ndipo Google, Facebook, Microsoft na wengine walianza kuchanga pamoja kupitia Linux Foundation.

Mukongomani akisikia hivyo anafikiria coltan ya Masisi na kobalti ya Kolwezi. Lakini tuangalie vizuri. Msimbo ukichukuliwa hauishi, hauachi shimo. Kinachoisha ni nguvu ya wale wanaoutunza, na kinachoweza kuibiwa ni haki ya kuamua. Njo maana, kampuni yoyote ikikuja na zawadi, tuulize: siku ikiondoka, tutabakia na nini?

Swali hilo liko hapa nyumbani. Desemba 2018 na Desemba 2023 tulipiga kura kwa mashini. Raia hakupewa msimbo wake asome. Aliambiwa aamini tu.

Kwa hiyo tunasema:

Kwa serikali na CENI: programu inayolipwa na pesa ya raia, msimbo wake uwe wazi mbele ya raia.

Kwa kampuni zinazopata faida hapa kwetu juu ya programu huria: mulipe vijana wanaozitunza, na kile munachorekebisha mukirudishe kwa wote.

Kwetu sisi vijana: tusibakie watumiaji tu. Kuonyesha kosa, kuandika maelezo, kutafsiri kwa Kiswahili, hiyo yote ni kazi, na haiombe diploma ya enjinia. Kampuni ikikuletea mafunzo ya bure, jifunze. Lakini soma karatasi mbele ya kutia saini, ujue utakachoandika kitakuwa cha nani.

Ni sheria ile ile tuko nayo kwenye mapambano yetu. Anayetaka kutusaidia, karibu, jembe liko hapa. Anayetaka kutununua, arudi na pesa yake.