Kamera ya Darsa: Sauti Kwanza, Amana Daima

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Kamati nyingi za misikiti na madrasa, na hata familia, hutamani kurekodi darsa na mawaidha na kuyaweka katika intaneti, ili yawafikie wagonjwa, akina mama wenye watoto wachanga na ndugu zetu walio ughaibuni. Nia hiyo ni njema. Lakini fedha inayotumika aghalabu ni sadaka ya waumini, na sadaka ni amana. Kununua kamera kwa ukubwa wa jina lake, kisha ikakaa kabatini, ni israfu, na israfu dini yetu imeikataza.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni sauti. Msikilizaji wa darsa huvumilia picha yenye giza kidogo, ila hawezi kuvumilia maneno yaliyomezwa na mwangwi na mngurumo wa feni. Mikrofoni iliyomo ndani ya kamera, ikiwa mbali na sheikh, hunasa kila kikohozi cha msikitini kabla ya kunasa ilimu. Basi aulizwe muuzaji: je, kamera hii ina tundu la mikrofoni ya nje? Kama haina, haifai kwa kazi hii, hata picha yake ikiwa kali namna gani. Simu ya kawaida iliyowekwa juu ya stendi, pamoja na mikrofoni ndogo ya kubana kifuani mwa msomeshaji, itaishinda.

Jambo la pili ni mfumo wa kurekodi. Kaseti za MiniDV, zilizoanza mwaka 1995, zilichukua dakika 60 kwa kawaida, na saa hiyo moja ilijaza takriban gigabaiti 13 za kompyuta baada ya kungojwa saa nzima ihamishwe. Zikaja kamera za diski ndogo za DVD, zenye nafasi ya dakika 30 hivi kwa ubora wa kawaida. Atakayeuziwa leo kamera ya mtumba ya aina hizo asihadaike na urahisi wa bei. Inayofaa ni ile inayoandika faili la MP4 kwa ubanaji wa H.264 katika kadi ya kumbukumbu, kwani karibu kila simu na kompyuta hulisoma.

Aidha, tusikimbilie 4K. Kwa picha ya 1080, YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde, yaani gigabaiti 3.6 kwa saa. Kwa 720 ni megabiti 5, yaani gigabaiti 2.25. Sheikh aliyekaa mbele ya kitabu hahitaji zaidi ya hapo. Kadiri faili linavyonenepa ndivyo kadi zinavyojaa na saa za kulipakia zinavyorefuka.

Umeme wa Kenya na Tanzania ni wa hezi 50, hivyo ni bora kurekodi kwa fremu 25 au 50 kwa sekunde. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hurekodi kwa 30 au 60, na taa za msikitini zaweza kuonekana zikimetameta. Ijaribiwe humo msikitini usiku kabla ya kulipiwa.

Hata hivyo, kuna deni lililotangulia kamera mpya. Katika makabati yetu zimo kaseti za masheikh waliokwishatangulia mbele ya haki. Mkanda wa sumaku huharibiwa na joto, unyevu na ukungu, na mashine za kuusoma zinazidi kuadimika. Tunaona kwamba shilingi ya kwanza itumike kunakili kaseti hizo. Kamera yaweza kungoja mwaka mmoja. Mkanda unaooza haungoji. Na nakala ziwe zaidi ya moja, katika diski mbili zinazowekwa nyumba mbalimbali, kwa sababu kuweka video mtandaoni si kuihifadhi: akaunti ikifungwa au neno la siri likisahauliwa, hazina yote hupotea.

Mwisho ni sitara. Picha ikishatoka mtandaoni huenda isirudi tena mkononi mwa mwenyewe. Kamera ielekezwe kwa msomeshaji, si kwenye safu za akina mama wala nyuso za watoto wa watu. Video za harusi, hasa za upande wa wanawake, zibaki nyumbani. Na sheikh mwenyewe aombwe idhini kabla ya kurekodiwa, kwani maneno ni yake na dhima ni yake.

Tunawanasihi wanakamati wakae, washauriane na vijana wenye ujuzi, kisha wanunue kwa kadiri ya haja. Mwenyezi Mungu atutakabalie.

Wabillahi tawfiq.