Tusimbebeshe binti ujasiri wa kanisa zima
Na Neema Magesa

Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili ndiyo wazee wa mila wa koo kadhaa za Wakurya hufungua msimu wa ukeketaji, na mabinti wengi wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, huiona ikija kwa hofu. Mimbarini nako huanza mahubiri ya kutoogopa. Ni mahubiri ya kweli, ila humlenga msikilizaji mnyonge kuliko wote kanisani. Anayehimizwa kuwa jasiri ni mtoto wa darasa la sita, ilhali baba anayengojea ng'ombe wa mahari, shangazi atakayemshika siku ya kisu na mzee wa kanisa anayejua na kunyamaza wamekaa kwenye mabenchi yaleyale.

Tuitazame hofu yenyewe. Kisu ni sehemu yake tu. Asiyekeketwa huitwa msagane, tusi linalomfuata kisimani na hata ukweni akibahatika kuolewa. Baba huambiwa mahari itapungua, na ukoo hutishiwa laana. Aliyekeketwa, kwa upande wake, husindikizwa barabarani kwa nyimbo na vigelegele, amevishwa khanga mpya, amefunikwa kwa mwavuli. Kwa hiyo binti anayekataa anaikataa pia siku ambayo kijiji kizima kingemshangilia. Hofu iliyojengwa na watu wengi namna hii haivunjwi na sala ya mtoto mmoja chumbani kwake. Inataka watu wengine wengi wa kusimama upande wake.

Ndiyo maana ushahidi wa imani iliyoshinda hofu mkoani Mara nauona zaidi kwenye vitanda wanavyopewa mabinti waliokimbia kisu kuliko kwenye shuhuda za mimbarini. Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua Nyumba Salama mjini Mugumu. Rhobi Samwelly, ambaye alikeketwa akiwa binti na nusura afe kwa kutokwa na damu, aliitumikia nyumba hiyo, kisha mwaka 2017 akaanzisha shirika lake la kuwahifadhi mabinti. Kule Masanga, Tarime, mabinti hukaa kambini msimu wote, hufundishwa, na hufunga kwa mahafali ambayo wazazi hualikwa. Hayo mahafali si pambo. Yanamrudishia binti shangwe aliyonyimwa, na yanampa baba mlango wa kurudi bila aibu.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya polisi. Sheria ipo tangu 1998: anayemkeketa aliye chini ya miaka 18 anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, fedha ambayo haifikii hata bei ya ng'ombe mmoja mzuri. Lakini hata sheria ingekuwa kali zaidi, mtoto hawezi kumshtaki baba yake asubuhi na jioni arudi kulala kwake. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anahitaji mahali pa kumpeleka usiku uleule.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanisa likigusa mila linaendeleza ubabe wa wamisionari. Historia inalipa nguvu. Mwaka 1929 huko Kenya, misheni kadhaa ziliwabana waumini wa Kikuyu waukane ukeketaji la sivyo watengwe. Maelfu wakaondoka, wakaanzisha makanisa na shule zao, na ukeketaji ukageuka alama ya uzalendo. Kosa lilikuwa kutoa amri na kufunga mlango. Nyumba salama inafanya kinyume chake, na miongoni mwa walioitumikia wamo wenyeji kama Rhobi Samwelly. Nayo amri ya Biblia ya kuwaheshimu wazazi haijawahi kumpa mzazi haki ya kumjeruhi mwanawe.

Tusijidanganye kwamba kazi inaelekea ukingoni. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta 28, wakati wastani wa taifa ni 8. Basi kila parokia, usharika na kanisa la Tarime na Serengeti litenge sadaka ya Jumapili moja ya Novemba kwa ajili ya magodoro, chakula na nauli za nyumba hizi, na mchungaji atamke hadharani kwamba mzee wa kanisa atakayemkeketesha bintiye atavuliwa uzee.