Songambele, mechi inaanzia jikoni

Mashabiki wa soka la mchangani wanaijua dakika ya 70. Winga aliyewatesa mabeki kipindi chote cha kwanza anashika kiuno, pumzi imekata. Lawama anabebeshwa kocha. Hakuna anayeuliza: huyu kijana mchana kala nini?

Mara nyingi ni andazi na soda, au chipsi za ofa ya shabiki. Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu. Sukari ya soda inapanda haraka, inashuka haraka. Kwa timu za Songambele, wilayani Kyerwa, hilo halina utetezi. Huko Kagera mgomba uko nyuma ya nyumba, na maharage yapo.

Mechi ikianza saa 10 jioni, mchezaji ale saa 7 mchana: ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, mafuta kidogo, asishindilie. Saa 9 amenye ndizi mbivu moja, anywe maji. Wacheza tenisi wakubwa duniani wanakula ndizi katikati ya mchezo mbele ya kamera, iweje kijana wa Kyerwa aione chakula cha kishamba? Filimbi ya mwisho ikilia, maziwa na karanga vitamrudishia nguvu.

Viongozi wanajua kuchangisha jezi na nauli. Wachangishe na mkungu wa ndizi, wachezaji wapike kwa zamu, wale pamoja. Jezi mpya peke yake haimkimbizi mtu dakika 90.