GHARAMA YA KUKAA BURE

Huenda msomaji akashangaa kuona safu hii, ambayo desturi yake ni kushughulika na bei ya samaki na hali ya gati, leo inazungumza habari za filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1953. Tunaizungumza kwa sababu kila linapotajwa suala la vijana wasio na kazi, wakubwa wetu hupanda jukwaani wakalaani uvivu na uzururaji, kisha wakashuka. Filamu hiyo yatazama upande ambao hotuba hizo huusahau.

Jina lake ni I vitelloni, na mtengenezaji wake ni Federico Fellini, mzaliwa wa Rimini, mji ulio kwenye pwani ya Adriatiki. Vitelloni ni ndama waliokwisha kunenepa na kukua, lakini wangali ndama. Mwaka huo huo ilitunukiwa Simba wa Fedha katika tamasha la Venice. Ni mchezo wa kuchekesha, na hatuoni haya kukiri kwamba tulicheka. Vijana watano, watu wazima kwa umri, wanaishi katika mji mdogo wa pwani ambao wageni wa kiangazi wamekwisha kuuhama. Hushinda mkahawani, hucheza biliadi, husimama ufukoni wakitazama bahari, na usiku huzurura njia zile zile hadi kunakaribia kucha. Wote huzungumzia safari ya kwenda mbali, na safari haitoki. Msomaji wa visiwani hana haja ya kuelezwa jinsi mji wa namna hiyo unavyokuwa msimu wa wageni ukiisha.

Kinara wao, Fausto, ni mpenda wanawake. Anampa mimba Sandra, ndugu wa rafiki yake Moraldo, kisha anafunga mizigo atoroke. Baba yake anamlazimisha kuoa. Mkwewe anamtafutia kazi katika duka la vifaa vya kanisa. Hapo ndipo mbavu zinapovunjika: Fausto anamtongoza mke wa tajiri wake, anafukuzwa, na kwa kulipiza kisasi anaiba sanamu ya malaika na kuitembeza kwa watawa akitafuta mnunuzi. Hata sinemani, mkewe akiwa ameketi ubavuni mwake, anamwacha na kumfuata nje mwanamke asiyemjua.

Lakini kicheko kilipotulia tulijiuliza: kahawa hiyo, sigara hizo na mchezo huo wa biliadi, ni nani aliyevilipia? Jibu limo ndani ya filamu, ila halipigiwi ngoma. Alberto, mcheshi kuliko wenzake, anaye dada yake, Olga. Olga ndiye afanyaye kazi. Alberto humwomba fedha za matumizi, kisha humkaripia kwa kupendana na mtu mwenye mke, akidai kwamba anamliza mama yao. Alfajiri moja baada ya kanivali, Alberto anarejea nyumbani amelewa, angali amevaa gauni la kike, anamkuta Olga anaondoka na mtu wake. Mama analia. Alberto anaapa kwamba sasa atafanya kazi. Mama anamwuliza kama amekwisha kupata yoyote. Anajibu hapana, na usingizi unamchukua.

Hatusemi kuwa Olga alifanya vyema kumfuata mume wa mtu. Twasema tu kwamba aliibeba nyumba ile miaka yote bila ya kusifiwa na yeyote, akaitwa mkosaji siku alipoitua. Fausto naye hakutetemeka alipofukuzwa kazi. Alitetemeka siku Sandra alipomchukua mtoto na kutoweka.

Ibara ya kwanza ya katiba ya Italia, iliyoanza kutumika mwaka 1948, yasema kwamba jamhuri hiyo imejengwa juu ya kazi. Hata hivyo kazi haikuwatosha watu, na bunge lao lililazimika kuanzisha uchunguzi juu ya jambo hilo mwaka 1952. Wengi wasiokuwa na Olga wa kuwalisha walikwenda kuchimba makaa ya mawe Ubelgiji. Katika maafa ya Marcinelle, tarehe 8 Agosti 1956, walikufa wachimbaji 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Kwa hiyo yule anayeonekana kibarazani mchana kutwa si lazima awe mvivu kuwapita wengine. Yawezekana tofauti yake ni kwamba yupo mtu anayempikia.

Ndiyo maana hatuna imani na dawa ya kukamatana. Tanzania Bara iliijaribu mwaka 1983 kwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu wakaondolewa Dar es Salaam na kupelekwa mashambani, na wengi wakarudi. Miongoni mwa waliokumbwa walikuwamo wachuuzi wadogo, wake kwa waume, yaani wale wale waliokuwa wakilisha nyumba zao.

Ombi letu kwa viongozi ni dogo. Masheha watakapotumwa kuandika majina ya vijana wasio na ajira, waongezewe safu moja zaidi katika daftari: kijana huyu analishwa na nani, na huyo amlishaye anafanya kazi gani. Na mikopo itakapogawiwa, afisa mhusika aanze kuisoma safu hiyo.