Palpatine alifufuka, Ben Solo hapana: Kwa nini mashabiki wa Star Wars hawaachi kubishana

Oktoba 2025, mwigizaji Adam Driver aliliambia shirika la habari la AP kwamba yeye na muongozaji Steven Soderbergh waliwahi kupeleka wazo la filamu mpya ya Star Wars. Jina lake The Hunt for Ben Solo. Kwa maelezo yake, Lucasfilm, kampuni inayotengeneza filamu hizo, walilipenda. Wakubwa wa Disney, wamiliki wa Lucasfilm, wakalikataa.

Sababu? Driver anasema hawakuona Ben Solo anawezaje kuwa hai, wakati alikufa kwenye filamu ya 2019, The Rise of Skywalker.

Mashabiki walicheka kwanza, halafu wakakasirika. Wakakodi ndege ikapita na bango juu ya studio za Disney, Burbank, California, kudai filamu hiyo itengenezwe.

Hoja yao ni moja tu. Filamu hiyohiyo ya 2019 ilimrudisha mfalme Palpatine, mtu ambaye mwaka 1983 alirushwa shimoni na kituo alichokuwemo kikalipuka angani. Kama yule alirudi, huyu kakosa nini?

Unaweza kusema haya ni mabishano ya watu wenye muda mwingi. Lakini Disney ilinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 4. Filamu ya kwanza baada ya hapo, ya 2015, iliingiza zaidi ya dola bilioni 2. Ya 2017 ikaingiza kama bilioni 1.3. Ya 2019, bilioni 1 na kidogo. Bado ni fedha nyingi, na kushuka huko kuna sababu zaidi ya moja. Ila mtu akishaacha kuamini hadithi, kumrudisha ukumbini ni kazi.

Nguvu mpya zilikuwepo tangu zamani

Wengi hudhani mashabiki huchukia tu kila kitu kipya. Si kweli. Angalia historia.

Mwaka 1977, nguvu ya Force ilikuwa na mambo machache: kuchezea akili ya askari dhaifu, kumkaba mtu bila kumgusa, kuhisi jambo la mbali. Mwaka 1980, Luke Skywalker akiwa ananing'inia kichwa chini kwenye pango la barafu, anauvuta upanga wake wa mwanga ukaruka mpaka mkononi. Hakuna aliyewahi kuona hilo. Mwaka 1983, Palpatine akatoa radi vidoleni. Nayo ilikuwa mpya.

Kwa nini hazikuzua vita? Kwa sababu zilikuja na mipaka. Luke alihangaika mpaka upanga ukasogea. Baadaye kwenye filamu hiyohiyo alijaribu kuinua ndege yake iliyozama kinamasini akashindwa, akainua Yoda. Mtazamaji akaelewa: nguvu hii ina madaraja, inahitaji mafunzo, na kuna vitu vinakushinda.

Sasa linganisha na 1999. Kwenye The Phantom Menace, Obi-Wan na mwalimu wake Qui-Gon wanakimbia kwa kasi ya ajabu kuwakwepa maroboti. Sawa. Lakini mwishoni Obi-Wan anabaki nyuma ya milango ya mwanga, anamwangalia mwalimu wake akiuawa, na hata milango ilipofunguka hakuwahi. Kasi ile ya mwanzo ilikwenda wapi? Swali hilo limetimiza zaidi ya miaka 25 na bado linaulizwa.

Yaani kinachoudhi watu ni nguvu inayojitokeza inapotakiwa na mwandishi, halafu inasahaulika ikiwa kikwazo.

2017, mwaka wa mpasuko

The Last Jedi ya Rian Johnson ndiyo iliyogawa watu kuliko zote. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, wakosoaji 9 kati ya 10 waliisifu, wakati alama za watazamaji hazikufika nusu. Lakini watazamaji waliohojiwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa A. Kwa hiyo hata kusema "watu waliichukia" si sahihi.

Ugomvi ulikuwa kwenye matukio matatu.

La kwanza: Leia anarushwa nje ya meli, anganimwaka kusiko na hewa, halafu anajivuta kurudi ndani. Watetezi wanasema ni ndugu pacha wa Luke, damu ni ileile. Wapinzani wanasema hatukuwahi kumwona akifanya lolote la ukubwa huo. Wote wana sehemu ya ukweli: msingi ulikuwepo, maandalizi ndiyo yalikosekana.

La pili: Luke anatuma taswira yake kutoka kisiwa alichojificha mpaka sayari nyingine, anapambana na Kylo Ren bila kuwepo. Ni nguvu kubwa kuliko ya Leia, lakini imetetewa na wengi zaidi. Kwa nini? Kwa sababu alilipa. Alipomaliza, alikufa.

La tatu ndilo gumu. Amiri Holdo anaigeuza meli yake, anaipeleka kwa kasi ya kuvuka mwanga, anaipasua meli kubwa ya adui katikati. Kwa picha, ni moja ya matukio mazuri ya mfululizo wote. Kwa mantiki, linarudi nyuma na kuharibu mengine. Kama meli moja inaweza kufanya hivyo, kwa nini mwaka 1977 marubani wengi walikufa wakitafuta kitundu kidogo kwenye Death Star? Wangetuma meli tupu, kazi ikaisha.

Waandishi waliliona tatizo. Kwenye filamu ya 2019, mhusika mmoja anapendekeza mbinu ya Holdo irudiwe, anajibiwa kwamba ile ilikuwa bahati ya moja kati ya milioni. Ni kiraka. Na mwishoni mwa filamu hiyohiyo inaonyeshwa tena meli iliyopasuliwa kwa namna inayofanana. Kiraka kikachanika palepale.

Si kila anayelalamika anatetea mantiki

Hapa tuseme ukweli. Wapo waliojificha nyuma ya neno "mantiki" ili kutukana watu. Kelly Marie Tran, aliyeigiza Rose, alifuta picha zake Instagram mwaka 2018 baada ya mashambulizi ya miezi mingi, mengi yakiwa ya ubaguzi wa rangi na jinsia.

Hata malalamiko kwamba Rey ana nguvu kupita kiasi, yapime vizuri. Luke alilipua Death Star baada ya mafunzo ya muda mfupi sana. Anakin, mtoto wa miaka 9, alishinda mbio za hatari na akalipua meli ya adui karibu kwa bahati. Ukimlaumu Rey na kuwaacha hao wawili, kipimo chako kina walakini.

Na waandishi nao wana deni. Mfano ulio karibu nasi ni Maz Kanata, mhusika aliyeigizwa na Mkenya Lupita Nyong'o. Mwaka 2015 Maz anatoa upanga wa Luke kwenye sanduku, upanga uliopotea pamoja na mkono wake mwaka 1980. Anaulizwa kaupata wapi. Anajibu kwamba hiyo ni habari ya siku nyingine. Filamu mbili zikapita, siku hiyo haikufika.

Sasa turudi kwa Ben Solo

Ukiichunguza The Rise of Skywalker, kukataa kwa Disney kuna hoja. Filamu ile ilijenga kanuni ya uponyaji: anayeponya hutoa sehemu ya uhai wake. Rey anamponya nyoka mkubwa, baadaye anamponya Ben. Mwisho Ben anamrudishia Rey uhai wote, naye anakufa. Hiyo ndiyo bei. Ukimrudisha bila maelezo ya maana, unaifuta sadaka yake.

Mashabiki nao wana ushahidi wao. Mwili wa Ben ulitoweka kama ya Yoda na Obi-Wan, lakini roho yake haikuonekana mwishoni walipojitokeza Luke na Leia. Wanasema mlango uliachwa wazi.

Tatizo la Disney ni Palpatine. Maandishi ya mwanzo ya filamu yalisema sauti yake imesikika. Sauti yenyewe ilirushwa ndani ya mchezo wa Fortnite siku chache kabla ya filamu kutoka! Aliyelipa kiingilio bila kucheza gemu alikosa kipande. Kuhusu alivyopona, wahusika wenyewe waliishia kusema amerudi kwa namna fulani.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Studio ilikopa imani ya watazamaji ili ipate adui mkubwa kwa haraka. Sasa inapotaka kusema "aliyekufa amekufa", watu wanaileta hati ya deni.

Kwa mtazamo wetu, kanuni ya Disney ni sahihi, ila mwenye kuisema kachelewa. Ingefaa itumike kwa Palpatine kwanza.

Cha kuangalia mbele

Disney imepanga The Mandalorian and Grogu kwa Mei 2026 na Starfighter, yenye Ryan Gosling, kwa Mei 2027. Hiyo ya pili imewekwa miaka kadhaa baada ya The Rise of Skywalker na inaleta wahusika wapya. Ni njia ya kukwepa madeni ya zamani: ukianza na watu wapya, huna cha kueleza.

Grogu hana nafasi hiyo. Anaponya, anainua wanyama wakubwa kuliko yeye, na mashabiki wanayo kumbukumbu ya kila tukio. Lakini kuna jambo dogo lililomlinda tangu 2019: mara ya kwanza alipomwinua mnyama, alilala kwa uchovu. Mtazamaji aliona gharama bila kuelezwa.

Kwa hiyo akiinua mkono tena kwenye filamu, usihesabu ameangusha wangapi. Angalia kama atachoka.